Enceladus: mjihadhari na wepesi kuliko baridi

Swali la juma hili lilikuwa: ukipata tiketi ya kutalii mwezi mmoja wa barafu, utachagua upi, na utajiandaaje?

Wengi watakimbilia Europa, mwezi wa Mshtarii. Nawasihi waache. Mionzi juu ya barafu yake hufikia takriban sieverti 5 kwa siku, na dozi ya siku moja tu yatosha kuua. Chaguo langu ni Enceladus, mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 504.

Baridi yake hukaribia nyuzi 200 chini ya sifuri, lakini hakuna hewa ya kukupokonya joto. Pa kuangalia ni soli: iwe nene, isiyopitisha joto. Soli yenye joto huigeuza barafu kuwa mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, na pa kukanyagia pakaliwa.

Kinachomponza mtu kule ni wepesi. Mvutano ni kama sehemu moja ya 87 ya huu wetu: mtu wa kilo 80 ndani ya vazi la kilo 120 atahisi uzito wa kilo 2 na ushei. Nguvu inayokurusha nusu mita hapa itakupandisha mita 40 kule, na itachukua karibu dakika nzima kurudi chini. Ukiondoka huku unapinduka, utatua kwa kichwa, na kasi ya kutua ni ileile uliyorukia. Basi usitembee, jivute kwa kamba.

Na kamba hutegemea nanga yake. Mwaka 2014 mikuki ya kujinanga ya chombo Philae haikufyatuka kilipogusa nyotamkia 67P, kikadunda mpaka kwenye kivuli cha genge, betri zikaisha. Chombo chenu kifungwe kwanza, ndipo mlango ufunguliwe. Karibu na nyufa zinazorusha mivuke kuna theluji laini kama unga, skrubu haishiki hata ikiingia yote. Chimba hadi barafu ngumu, kaza, kisha vuta kwa nguvu kabla ya kuiamini.

Nyufa hizo 4, kila moja kama kilomita 130, ziko ncha ya kusini. Jua linaimulika ncha hiyo tangu Mei 2025 hadi mwanzoni mwa 2039, na chombo Cassini kilichukua karibu miaka 7 kufika Zohali, kwa hiyo msichelewe kuondoka. Enceladus huizunguka Zohali kwa saa 33. Mivuke hushamiri mwezi huo ukiwa mbali zaidi na Zohali, nyufa zinapotanuka. Simama mivuke ikiwa kati yako na jua: chembe za barafu hung'aa zikimulikwa kutoka nyuma. Zohali yenyewe, ikionekana pana mara 60 kuliko mwezi wetu uonekanavyo hapa, itakuwa imekaa nusu juu ya upeo, haichwi wala haichomozi.

Ukingo wa ufa msiusogelee, tafadhalini. Chini yake kuna bahari ya chumvi, na mwaka 2023 ilitangazwa kuwa chembe zitokazo humo zina fosfeti, chumvi za fosforasi ambazo uhai huzihitaji. Vazi la mtu huvuja vijidudu kwenye viungo hata likisafishwa vipi, navyo vyaweza kuichafua bahari hiyo. Mivuke hupanda mamia ya kilomita. Ukiwa kilomita 10 kutoka kwenye ufa, bado utaitazama kwa kuinua shingo.