Kwa watembeza watalii wapya wa Mkunazini, Zanzibar

Jamani wadogo zangu, nakupendeni ila mnanichosha. Nakaa pale nje ya kanisa la Anglikana, palipokuwa soko la watumwa, nasikiliza grupu baada ya grupu, kila mmoja wenu anawaambia wageni kuwa wamisionari wa zamani waliuliwa na wenyeji kwa mikuki. Kakwambieni nani?

1. Semeni homa. UMCA, wale wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walianzia Magomero, Malawi ya leo, mwaka 1861. Askofu wao, Mackenzie, mtumbwi wake ulipinduka, dawa zikazama mtoni, na Januari 1862 akafa kwa homa kandoni mwa mto Shire. Hapana mkuki hapo. Ndo wakaja kwetu 1864, Askofu Tozer na mwenzake Steere.

2. Tikiti kwanza, na wakati wa ibada msiingize mtu.

3. Mgeni akiuliza habari za John Chau, yule mmisionari Mmarekani aliyeuliwa kisiwa cha North Sentinel, visiwa vya Andaman vya India, na Wamarekani wanauliza sana, mjibuni vizuri. Juzi mmoja wenu, simtaji, kasimama hatua chache tu kutoka vile vyumba vya watumwa akamjibu bibi mtu mzima kuwa watu wa North Sentinel ni wakatili tu, wanaua mgeni bila sababu. Wallahi niliumia. Hapo hapo, mahali watu walipopimwa meno na kuuzwa! Sababu wanayo. Mwaka 1880 ofisa wa Kiingereza, Portman, alishuka kisiwani kwao akachukua mzee na mkewe na watoto 4 akawapeleka Port Blair, mji mkuu wa Andaman, wote wakaugua, wale wazee wakafa, watoto wakarudishwa na mafurushi ya zawadi, na nani ajuaye walirudi na maradhi gani mwilini. Watu waliokaa peke yao vile hata mafua yanaweza kuwamaliza, ndo maana India imekataza watu kusogea pale. Chau alikuwa na miaka 26, Novemba 2018 akawalipa wavuvi wamfikishe, akauliwa, na wavuvi wakakamatwa. Mie Muislamu na ujasiri wake naupa heshima yake, kijana aliamini akaenda. Lakini hatari haikuwa yake peke yake, aliwabebea na wenye kisiwa, na hilo lazima mgeni alisikie kwenu.

4. Wakitaja wale vijana 5 wamisionari wa Kimarekani waliouliwa na Wawaorani, watu wa msituni Ecuador, Januari 1956, msiishie kwenye maiti. Mwaka 1958 mjane wa mmoja wao, Elisabeth Elliot, na Rachel Saint, dada wa rubani aliyeuliwa, walikwenda kuishi na Wawaorani hao hao, na aliyewafundisha lugha na kuwafungulia njia ni Dayuma, mwanamke wa Kiwaorani. Mtajeni kwa jina, maana kila siku nawasikia mnawataja Wazungu wote mnamuacha yeye.