Mtoto wa mbwa anajificha mvunguni na hataki kuguswa: nianzie wapi?

Swali: Daktari, pole na kazi. Wiki mbili zilizopita tulipewa mtoto wa mbwa dume wa miezi minne, hapa Busia upande wa Uganda. Alikotoka alikuwa akifungiwa kwenye stoo ya mahindi pamoja na mama yake, watu wakiwasukumia sahani tu na kufunga mlango. Sasa anashinda mvunguni mwa kitanda, ukimshika anajikojolea, na posho (ugali) haigusi mpaka sote tumelala. Lori likipiga honi anatetemeka. Juzi mwanangu wa miaka saba aliingia mvunguni kumtoa, akataka kumng'ata, meno hayakufika. Mume wangu anasema tumfunge mnyororo langoni, watu wampitie mpaka azoee. Ni sawa? Na atafaa kweli kuwa mlinzi?

Jibu: Mnyororo hapana, dada. Mwoga akikosa pa kukimbilia hubakiwa na njia mbili: kuganda au kung'ata. Siku za kwanza ataganda, na mzee atasema ameshazoea. Hajazoea, amekata tamaa tu, na baada ya miezi michache atagundua kwamba meno huwaondoa watu haraka zaidi.

Mtoto wa mbwa hujifunza kwa wepesi kipi ni salama na kipi si salama kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 12 au 14 ya umri wake. Wenu wiki hizo alikuwa anaona giza na magunia. Mlango huo kwake umeshasindikwa, ingawa haujapigwa kufuli. Kwa hiyo hesabu miezi, usihesabu siku.

Anza na mwili, kwa sababu mbwa mwenye maumivu hakubali mkono wa mtu. Mwite daktari wa mifugo aangalie funza kwenye vidole na nyayo, kupe masikioni na upele, ampe dawa ya minyoo, na ahakikishe chanjo. Ya kichaa cha mbwa huchomwa kuanzia miezi 3, na zipo pia za parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa. Kama hamna kadi, chukulieni kwamba hajachanjwa. Siku meno yakichubua ngozi ya mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wenu.

Mtengenezee na maficho yake: boksi kubwa lenye mlango upande mmoja, gunia safi ndani, kwenye kona ambayo watu hawapiti. Usimwondoe mvunguni kwa nguvu, atahamia mwenyewe. Sheria kwa wote, mtoto wa miaka saba akiwemo, ni kwamba mkono hauingii humo. Alichofanya mbwa juzi kilikuwa onyo. Mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma huacha kunguruma, halafu siku moja anang'ata bila kutoa taarifa.

Sasa kazi yenyewe, na kipimo chake ni chakula. Posho haina mvuto wa kutosha, tumia mukene, yaani dagaa wakavu. Wa sokoni huwa na mchanga, na pengine chumvi, kwa hiyo wachekeche, wamwagie maji ya moto, wasuuze. Maini ya kuchemsha yanafaa pia, bila chumvi wala kitunguu, vipande vya ukubwa wa punje ya maharage. Yasizidi kiganja kimoja kwa siku maana huharisha. Milo yake ya kawaida iendelee mara tatu kwa siku. Kumshindisha njaa ili akuje ni mbinu mbaya.

Kaa sakafuni hatua nne au tano kutoka alipo, ubavu ndio umwelekee, macho pembeni. Rusha mukene mmoja karibu naye, mkono ukiwa chini. Mkono unaopanda juu ya bega, kwa mbwa wa mitaa yetu, ni mkono wenye jiwe. Hesabu hadi kumi. Akila, rusha mwingine. Asipokula uko karibu mno, rudi nyuma hatua mbili. Bado hali? Mwachie wachache uondoke. Dakika tano zinatosha, mara tatu kwa siku, na mwanzoni afanye mtu mmoja tu. Mumeo na mtoto waje baadaye, kila mmoja akianzia mbali kama wewe ulivyoanza.

Kosa linaloharibu kazi ya wengi ni kumvuta kwa kipande kilichoshikwa mkononi. Mtazame anavyokuja: shingo imerefuka mbele, miguu ya nyuma imebaki ilipokuwa, uzito wote uko nyuma. Tumbo ndilo limemleta, hofu bado haijakubali. Akishanyakua kipande anajikuta chini ya mkono wa mtu, anashtuka, anang'ata. Kwa hiyo akikukaribia, rusha mukene *nyuma* yake. Hapo analipwa mara mbili: amepata chakula na amepata nafasi. Atageuka mwenyewe kurudi, na huko kurudi bila kuitwa ndiko unakokutafuta. Akifika akiwa amesimama sawasawa kwa miguu yote minne, siku tatu mfululizo, ndipo mkono unaweza kuwa na kipande.

Ukimwona analamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo bila usingizi, weupe wa jicho unaonekana au amefyata mkia, punguza kasi na urudi nyuma kidogo.

Kumgusa kunaanzia kifuani au chini ya kidevu, kamwe si juu ya kichwa. Mkune sekunde tatu, toa mkono, subiri. Akiegemea, endelea. Akigeuza uso, kwa leo basi. Mkojo unaomtoka ni hofu, si ukosefu wa adabu. Futa kimya, na safari nyingine chuchumaa badala ya kumwinamia. Na akija kujibanza kwako radi inapopiga, mwache ajibanze. Kumtuliza hakumfundishi woga.

Malori mnayo ya kutosha hapo mpakani, basi yarekodi kwa simu. Mchezeshee sauti ikiwa chini kabisa, na sekunde moja baadaye lete maini. Sauti ikikoma, maini nayo yakome, ili honi ndiyo iwe habari ya chakula. Sikio likicheza huku anatafuna, uko sawa. Akiacha kutafuna, umepandisha mno. Ongeza kidogo kila baada ya siku mbili tatu. Langoni asitoke kwanza: mwoga hujichomoa kwenye kola na kukimbilia barabarani. Kola ibane kiasi cha vidole viwili kupita, na kamba nyepesi ya mita moja na nusu aiburute ndani ya ua pale tu unapomwangalia.

Kuna siku atarudi nyuma, hasa akishtuliwa vibaya. Mpe siku moja au mbili za utulivu, kisha anzia hatua ya chini. Ila akibadilika ghafla, mate yanamdondoka, hawezi kumeza, anayumba au sauti yake imegeuka, huenda ni kichaa cha mbwa, msimguse. Mfungieni alipo na mwite ofisa mifugo wa wilaya.

Ulinzi? Kubweka usiku atabweka, hata waoga hubweka sana. Lakini mbwa anayeng'ata kwa hofu hachagui mwizi, humng'ata aliye karibu naye, na aliye karibu mara nyingi ni mtoto wa jirani aliyetumwa kuazima sufuria. Mjaribuni akifika mwaka mmoja na nusu. Kabla ya hapo, mgeni akibisha hodi, mbwa aingizwe ndani kwanza, ndipo lango lifunguliwe.