Nilipotoka Bendi Nilidhani Nimetoka na Sauti Yangu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia. Ni mwimbaji wa bendi inayopiga mahotelini, mwaka wa nne sasa. "Shikamoo kaka. Nimesikiliza albamu yako yote. Na mimi nataka kutoka bendi nifanye yangu, mashabiki wananidai. Nianzie wapi?"

Nilikuwa kwenye daladala, nikacheka hadi mama wa siti ya pembeni akanigeukia. Sikumcheka yeye. "Mashabiki wananidai" ni maneno yangu mwenyewe, niliyomwambia tajiri wa bendi yetu siku ninaaga, nikiwa nimevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Nimeona nimjibu hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Kila bendi ya dansi hapa mjini ina mtu mmoja anayeimba mbele huku moyoni ana albamu yake. Unajijua.

Mimi niliimba kwenye bendi miaka kumi na moja. Nilianza kuitikia nyuma, nikiwa wa tatu katika waimbaji watatu, nikapanda hadi nikawa ndiye anayeshika kipaza sauti cha katikati na kuwataja wenye birthday zao. Nyimbo sita kati ya zile zilizokuwa zinajaza ukumbi nilizitunga mimi. Naandika hivyo bila kuona haya, maana kuna watu siku hizi wanasema zilitungwa "na bendi". Bendi haishiki kalamu. Nilizitunga mimi, mbili nilizitunga nikiwa nimelala chini kwa shemeji yangu Mbagala, umeme umekatika.

Tulikosana kwenye bango. Tulikuwa tunazindua nyimbo mpya, bango likatoka lina jina la bendi, jina la ukumbi, kiingilio, hata jina la kampuni ya vinywaji, langu halipo. Nikaenda kuuliza. Tajiri akanijibu akiwa anahesabu mgawo, hata macho hakuinua: "Vyombo vyangu, jina la bendi langu. Wewe una koo tu."

Una koo tu. Nimeisamehe kauli hiyo mara nyingi, na kila nikiisamehe inarudi.

Basi nikasubiri Ramadhani. Wa dansi mnajua, mwezi wa kufunga bendi nyingi hupumzika, na ndio msimu wa watu kuhama. Nikaondoka kimya. Idd Pili nikafungua simu nikaona kwenye status za watu: kijana ambaye sijawahi kumwona amesimama pale katikati, anaimba wimbo wangu wa kwa shemeji, na ukumbi mzima unaitikia. Sauti yake nyembamba kuliko yangu, hilo hata adui yangu atakubali. Lakini ukumbi uliitikia vilevile. Nililiona hilo siku ile ile nikakataa kulielewa. Ningelielewa, ningeokoa shilingi milioni mbili na laki sita.

Hapa niseme kitu kuhusu mila yetu, maana ndiyo iliyonipotosha. Wazee wetu wakikosana hawakuwa wanatoka kwenda kuimba peke yao. Walikuwa wanatoka kwenda kuunda bendi nyingine. Mbaraka Mwinshehe, wa huko huko Morogoro kwa mdogo wangu, alipoachana na Morogoro Jazz mwaka 1973 hakwenda kujifungia chumbani, alianzisha Super Volcano. Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, ilipozaliwa 1978, sehemu kubwa ya waanzilishi ilikuwa imetoka bendi ya Dar International. Mtu anahama na mpiga solo wake, na wa besi wake, ikiwezekana na wa tumba. Mimi nilihama na begi.

Na kichwani nilikuwa na mifano ya watu wengine kabisa. Fally Ipupa aliyetoka Quartier Latin, bendi ya Koffi Olomide, na kutoa albamu yake ya kwanza 2006 akawa Fally yule mnayemjua. Christian Bella, ambaye tulimjua kwenye bendi ya Akudo kabla hajawa Bella wa kila redio. Bien wa Sauti Sol, albamu yake mwenyewe 2023. Nikajiona mimi ndiye ninayefuata kwenye mstari. Sikujiuliza hawa wamezungukwa na watu wangapi wasioonekana kwenye picha ya jalada.

Nikaingia studio Sinza. Prodyuza kijana mdogo, fundi kwelikweli, kosa halikuwa lake. Akanipigia biti ya kwanza, tamu, drams za kompyuta, kinanda, gitaa la kubofya. Akasema, "Haya bro, ingia." Nikasubiri. Biti ikapita. Akasimamisha. "Bro, mbona huingii?" Tukarudia. Nikaingia kabla. Tukarudia, nikaingia baada. Mara ya tano akawa ananihesabia kwa vidole nyuma ya kioo kama mtoto wa chekechea. Mimi, mtu niliyeimba mbele ya maelfu sikukuu za Sabasaba!

Nilichokuja kukigundua ni hiki. Miaka kumi na moja sikuwahi kuhesabu. Mpiga solo wetu alikuwa ana kipande kidogo anakipiga, noti nne au tano zinazoshuka, na nikizisikia mdomo unafunguka wenyewe. Alikuwa ananiita. Nilidhani najua kuingia, kumbe najua kuitika. Na nikishamaliza mstari kuna wenzangu wawili wanaudaka, mimi napata muda wa kuvuta pumzi na kutazama watu, ndipo nalisogelea neno linalofuata. Ule utulivu ambao mashabiki walikuwa wanausifu, "jamaa anaimba kama hataki", nusu yake ilikuwa ni mimi kupumzika wakati wengine wanafanya kazi.

Studio hakuna wa kuudaka. Nikafanya wanachofanya wote, nikajiitikia. Nikarekodi sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zangu. Nyimbo kumi hivyo. Nikampelekea mama yangu asikilize, nikamwekea simu sikioni. Akasikiliza wimbo mzima, mtu wa heshima, hakukatiza. Kisha akauliza, "Mwanangu, mbona unajijibu mwenyewe?"

Sikulala siku ile. Asubuhi nikamwambia prodyuza hatutoi. Pesa haikurudi, na hakuwa na sababu ya kuirudisha.

Miezi minane iliyofuata nairuka, haina cha kusimulia. Niliuza pikipiki, niliimba harusini, basi.

Kilichonirudisha ni mzee mmoja wa besi, mstaafu, tunakaa naye mtaa mmoja. Yeye ni wa kizazi kilichorekodi Radio Tanzania, bendi nzima chumba kimoja, mnapiga kwa mkupuo, mmoja akikosea wote mnaanza upya. Nilimwekea zile nyimbo zangu kumi. Akasema ziko sawa ila zimejaa. "Umeingia kila mlango. Sisi wengine tupite wapi?" Kisha akaniambia niimbe wimbo mmoja pale pale barazani bila kitu, bila gitaa, bila hata kupiga makofi, na nirekodi kwa simu. Nikaimba. Tukasikiliza wote wawili. Wimbo ulikuwa na maneno mengi mno. Beti nne ambapo mbili zingetosha, kwa sababu ukumbini nilizoea kurefusha hadi watu wamalize kutuza.

Tulifanya zoezi hilo kwa nyimbo zote. Kumi zikabaki saba, baadaye tukaongeza mbili mpya. Mzee akaleta mpiga solo na wa rizimu, mimi nikamtafuta wa tumba, na nikamwomba binti anayeimba kwaya mtaani kwetu aje aitikie. Siku mbili, studio ya kukodi, kila mtu nimemlipa posho yake mkononi kabla hajafungua begi la chombo. Hilo nalisisitiza: kabla. Nimeimba miaka kumi na moja nikilipwa baada ya watu kuhesabu, najua mtu anayesubiri anapigaje.

Albamu ikatoka. Nyimbo tisa, dakika hamsini na mbili. Ushauri wa kwanza wa maana kwako mdogo wangu uko hapa, na hakuna aliyenipa mimi. Kwenye Spotify msikilizaji akiondoka kabla ya sekunde 30, hujahesabiwa. Na tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi hata senti. Sasa tazama dansi letu: gitaa linaanza, linajitambulisha, la pili linajibu, tumba inaingia, mwimbaji unatokea sekunde ya 50 umetulia. Mtu yuko kwenye foleni Ubungo, ameshaondoka. Na ule wimbo wangu wa dakika nane na sekunde arobaini, wenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, ambalo mpiga solo alilia machozi akilipiga, ukisikilizwa mara moja unahesabiwa mara moja, sawasawa na wimbo wa dakika mbili wa mtoto wa juzi.

Kati ya tisa, ni tatu zilizovuka elfu. Unaoongoza ni wa dakika nne, sauti yangu inaingia sekunde ya kumi na mbili. Sitakudanganya kwamba nimetajirika. Pikipiki sijairudisha.

Je, ningekata ule wa dakika nane? Hapana. Huo ndio wimbo bora niliowahi kuimba na wasioumaliza shauri yao. Ila nisingeutanguliza kwanza kwenye albamu kama nilivyofanya kwa kiburi.

Uzinduzi tulifanya Tabata, watu kama mia mbili hivi, wa kulipa sio wa kualikwa. Katikati ya shoo mama mmoja akapanda jukwaani, akanituza elfu kumi, akasema kwenye kipaza sauti, "Tuimbie ule wa zamani." Ule wa kwa shemeji. Watu wakalipuka.

Sasa, mkataba wangu wa bendi ulikuwa kurasa mbili. Niliusaini juu ya boneti ya gari, kalamu nimeazimwa na dereva, sikusoma ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili ndio unaosema nyimbo zote zilizotungwa nikiwa pale ni mali ya bendi. Na wiki moja kabla ya uzinduzi nilikuwa nimepigiwa simu kukumbushwa ukurasa huo, kwa lugha isiyo nzuri. Kama kile kipengele kingesimama mbele ya sheria sijui, pesa ya wakili sikuwa nayo.

Nikasimama pale na elfu kumi mkononi. Mpiga solo, yule mtu mzima asiye na haya, akazipiga zile noti zinazoshuka. Alikuwa amejifunza kutoka kwenye rekodi, kwa siri. Mdomo ukafunguka. Nikaufunga. Nikageuza kipaza sauti nikawaelekezea watu, na watu mia mbili wakaimba ubeti wa kwanza, wa pili, na kiitikio, mimi nimenyamaza. Hakuna mkataba unaokataza mtu kunyamaza. Nililia, ndiyo, na mwenye video aendelee kuisambaza tu.

Kwa hiyo nisikilize, na wengine mnaosoma kimyakimya msikilize. Usitoke na hasira. Nilitoka na hasira, nikarekodi albamu ya kumjibu mtu, na mtu mwenyewe hajaisikiliza hadi leo. Soma mkataba, ukurasa wa pili hasa. Ukitunga wimbo, uandike, weka tarehe, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kausajili kwa jina lako wakati bado hujagombana na mtu, maana mkishagombana kila mtu ni mtunzi. Jisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, kama bado. Usitoke na hasira, narudia. Na wenzako wa nyuma uwaheshimu ukiwa nao bado, mjue mpiga solo wako anakuitaje, muulize, mnunulie hata soda. Vijana mnapenda kusimama mbele na kuwapa watu mgongo. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Yule mpiga solo wetu wa zamani, niliyeimba naye miaka yote hiyo, sijui ana watoto wangapi. Nimeimba kwa kuitwa na mtu ambaye sijui ana watoto wangapi!

Mwezi jana simu iliita, namba ngeni. Ni yule kijana wa Idd Pili, aliyechukua nafasi yangu. Nilitaka kukata. Akasema, "Shikamoo kaka, samahani, ubeti wa tatu kuna neno hatulielewi hapa bendi, kila mtu anasema lake." Nikamwambia ni "kitasa". Walikuwa wanaimba "kitassi" miezi yote hiyo, neno lisilokuwepo duniani, na ukumbi unaitikia. Akashukuru. Akaniuliza bango wanaandikaga majina? Nikacheka, tukaongea dakika ishirini.

Mdogo wangu wa Morogoro nimemjibu kwa ufupi kabla ya kuandika haya yote. Nimemwambia achague nyimbo zake tatu, akae mahali pa utulivu, aimbe bila gitaa wala kinanda, arekodi kwa simu, anitumie. Akajibu "sawa kaka" na kidole gumba.

Leo siku ya sita, hajatuma.