Sele laini lakini bado inauma

SWALI: Yaya, mi nakaa Katuba, natumika Kampemba, hapa Lubumbashi, kwenda na kurudi ni kinga tu, baiskeli. Sele ya zamani, kiti ya kinga, ilikuwa nguvu kama jiwe, basi nikanunua ingine ku soko ya komini Kenya, pana, musi (sponji) nene, muuzaji anasema hii ni kiti ya bwana. Siku 3 raha. Sasa mapaja inakwaruzika na katikati inakufa ganzi mpaka nishuke nitembee. Bibi yangu anapanda kinga ileile, halalamike hata. Ni mwili yangu ndio mbaya?

JIBU: Mwili yako haina kosa, ndugu, na bibi yako amekujibu bila kujua. Juu ya kinga uzito inabebwa na mifupa 2 ya chini, ile unasikiaka ukikaa juu ya tofali, na nafasi kati yake kila mutu na yake, mara nyingi santimetre 10 mpaka 15, wanawake kwa kawaida kubwa kidogo, tena haifuate unene wa mutu. Musi nene inadanganya kidole pale dukani: ukikaa, mifupa inazama, ya katikati inapanda juu na kubana neva na mishipa ya damu, ganzi ndio hiyo.

Kamata kartoni yenye mawimbi ndani, weka juu ya kiti nguvu, kaa, inama kama umeshika gidoni (usukani), hesabu 30. Kisha pitisha makala (makaa) ubapa juu yake, mashimo 2 itabakia nyeupe. Pima katikati kwa katikati, ongeza santimetre 2 ao 3, zaidi kama unakaaka wima. Mi yangu ilitoka 11, na miaka yote nilikuwa juu ya sele ya 21!

Lakini mbele ya kutoa franka, angalia pua ya sele: ikitazama juu inabana, ikitazama chini unateleza mikono inachoka, ilaze sawa. Kisigino ku pedale ya chini, muguu inyooke, na kama munapokezana kinga kila mutu atie alama yake ku bomba ya sele, sababu sele ikiwa juu sana nyonga inacheza na mapaja inasuguka.

Sele ya ngozi ya Brooks, ya Uingereza, haina musi hata kidogo, ngozi inavutwa kama ngoma na pole pole inashika umbo ya mwenyewe, kwa hiyo ya okazi, ile ilishatumika, ujue imeshazoea matako ya mwingine.

Ganzi ikibakia hata kisha kushuka, ona munganga. Ukirudi ku soko ya Kenya, beba kartoni yako na metre, muuzaji atacheka, mwache acheke.