Makaratasi ya kampuni uliyofunga

Mwanangu,

Hapa Goma tuko wazima, isipokuwa goti la mama yako. Umeniuliza makaratasi ya hesabu uyatunze miaka mingapi, maana ile kampuni yenu ya Lubumbashi imefungwa. Sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, ambao Kongo imo ndani yake tangu 2012, inasema miaka 10: vitabu vya hesabu pamoja na faktire (ankara) na risiti zake. Na kufunga mlango siyo kufunga kampuni. Mpaka hesabu za mwisho zifike grefu, ofisi ya karani wa mahakama, na jina lifutwe kwenye RCCM, rejista ya biashara, kampuni bado ipo.

Mimi swali langu ni jingine: yatakaa kwa nani? Kwako au kwa mshirika wako? Karatasi haili ugali, nimewaambia tangu mkiwa wadogo, lakini inataka mtu wa kuitunza.

Unakumbuka 17 Januari 2002, ulikuwa na kaptura ya shule. Lava ya volkano ya Nyiragongo imeingia katikati ya mji, watu wanakimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, na magodoro kichwani. Mama yako akaacha cherehani, akafunga daftari la madeni ndani ya kitenge. Nilimgombeza mpaka mpakani! Cherehani mpya kabisa ile. Duka likaungua, hata bati halikubaki.

Mambo yalipotulia, mteja wetu mkubwa, yule aliyesimama nami siku ya harusi, akaja kutupa pole. Akakaa, akanywa chai, kisha akasema yeye alishalipa yote, na kwa kuwa vitabu vimeungua, tusisumbuane. Mama yako hakujibu. Akaingia chumbani, akatoka na daftari, akamwekea mbele ukurasa wenye sahihi ya huyo mteja. Ungeona uso wake! Nacheka hadi leo. Alilipa mpaka faranga ya mwisho.

Ila hajakanyaga tena kwetu. Kuna siku nawaza, heri lile daftari lingeungua, nibaki na rafiki. Halafu najijibu: rafiki gani huyo? Halafu nawaza tena.

Utasema kila kitu kimo kwenye kompyuta. Sawa. Lakini zile risiti za mashine maandishi yanafifia, zipigie fotokopi kabla hazijawa nyeupe. Na karatasi za mishahara usizichanganye na faktire za mafuta. Yule sentinele wenu, mlinzi, akifika umri wa pensheni, CNSS, mfuko wa pensheni, watataka kujua alifanya kazi wapi na michango yake ililipwa lini. Atakuja kugonga kwako, na huenda miaka 10 imeshapita. Utamwambia nini, kwamba sheria ilikuruhusu kuchoma?

Sisemi usichome. Kampuni ni yenu, mimi ni mzee wa duka tu. Faktire za mwaka wa kwanza zikimaliza muda wake, panya wa Lubumbashi nao wana haki yao. Za mishahara, mimi nisingezigusa. Lakini hukuniuliza hilo.

Zungumza na mshirika wako, muandikiane nani anabaki na nini, mtie sahihi wote wawili. Mkishindwa, tuma kartoni kwangu. Chumba cha nyuma kina nafasi, ukiondoa ile baiskeli yako.

Baba yako