Barua ya Chuo cha Chicago Isiwauzishe Wazazi Wako Kiwanja

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kilifi alinitumia picha tatu kwa WhatsApp, na chini yake maneno haya: "Shikamoo dada. Nimepata skolashipu Chicago! Mzee anauza kiwanja cha Mtwapa na harambee ni mwezi ujao. Niambie tu nibebe nguo gani za baridi."

Nguo za baridi tutazifikia. Kwanza nilifungua picha ya pili, maana ya kwanza huwa ni pongezi tupu. Ada, dola 44,000 kwa mwaka. Chumba na chakula, 17,000. Bima ya afya, vitabu na vijimichango vingine, 4,000. Halafu kwa wino mzito: skolashipu, dola 24,000. Piga hesabu mwenyewe. Zinabaki dola 41,000, na hizo ni za mwaka mmoja. Kwa miaka minne ni dola 164,000, zaidi ya shilingi milioni 21 za Kenya, na hapo ni kama ada haitapanda, nayo hupanda.

Chuo chenyewe ni halali, sina ugomvi nacho. Ila vyuo vingi vya binafsi vya Marekani vina mtindo wa kutangaza ada kubwa kisha kumpunguzia karibu kila anayekubaliwa, na punguzo hilo ndilo linaloandikwa skolashipu kwenye barua. Mtu aliyezaliwa huku Marekani analijua hilo, atarudi kuwaambia waongeze. Sisi tunaisoma barua tukiwa Kilifi na tunapiga vigelegele.

Mimi mwenyewe nilianzia chuo ambacho nyumbani hakuna aliyetaka kukitaja. Niliingia Chicago kwa green card, kibali cha ukazi wa kudumu, niliyoipata kwa bahati nasibu, nikapata kazi ya kulea wazee, zamu ya usiku. Jiji lina vyuo vyake saba vya miaka miwili, City Colleges of Chicago: Truman, Wright, Harold Washington, Malcolm X, Kennedy-King, Olive-Harvey na Daley. Changu kilikuwa Truman, mtaa wa Uptown, ukishuka tu stesheni ya Wilson ya treni ya Red Line umefika. Nilikuwa natoka kazini na sare yangu, nasimama kwenye jukwaa la treni chini ya zile taa za joto unazobonyeza kitufe zikawaka kidogo kisha zikazima zenyewe, na watu wote tumejibana hapo kama kuku. Zikizima, wa karibu na kitufe anabonyeza tena. Hakuna anayesema neno.

Darasani nilikaa na mama mmoja wa Kikongo aliyepitia kambi ya Kakuma, anaishi Rogers Park, ana watoto wanne na anasoma kuliko sisi sote. Kulikuwa na Waethiopia, Wavietinamu, Wameksiko. Mwalimu wa hesabu alinijua kwa jina. Sehemu kubwa ya ada yangu ililipwa na Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu isiyorudishwa, na MAP, ile ya jimbo la Illinois. Zote nilizipata kwa kujaza fomu moja inayoitwa FAFSA. Sikukopa hata senti kwa miaka yangu ya Truman, na hili nalisema kwa kujigamba kabisa.

Lakini ami yangu, msomi wa ukoo, alinipigia simu spika ikiwa wazi, sebule nzima inasikiliza: "Yaani umevuka bahari kwenda kusoma chuo cha mtaa?" Wakacheka. Nilimsikia hata shangazi yangu, niliyekuwa namtumia hela za dawa kila mwezi, naye anacheka. Miaka imepita na bado kicheko kile nakijua kilivyokuwa.

Nikaendelea. Illinois ina makubaliano kati ya vyuo, Illinois Articulation Initiative, IAI kwa kifupi. Masomo ya msingi uliyosoma chuo cha miaka miwili yanapokelewa na vyuo vikuu vilivyomo kwenye makubaliano. Kila muhula nilikwenda kwa mshauri na karatasi yangu, naonyesha kwa kidole: hili litahama? Na hili? Likiwa halihami silisomi, hata kama rafiki zangu wote wako humo. Silabasi zote nilizitunza kwenye faili. Nikahamia University of Illinois Chicago, UIC, mwaka wa tatu wa uhasibu, kwa ada ya mkazi wa jimbo. UIC ni chuo cha umma, chenye wanafunzi zaidi ya 30,000, majengo ya zege tupu, na mnara wao wa University Hall ni mpana juu kuliko chini. Siku za kwanza nilikuwa nauangalia nikidhani ni macho yangu na usingizi wa zamu.

Nilihitimu. Nikaenda Mombasa kwenye harusi ya binamu, na ami huyo huyo akanishika mkono akinitambulisha kwa wageni: "Huyu amesoma Chicago University, pale alipofundisha Obama!" Nikamsahihisha palepale. Obama alifundisha sheria University of Chicago, toka 1992 hadi 2004. Hicho ni chuo cha binafsi, kiko Hyde Park, kilianzishwa 1890 kwa pesa za Rockefeller, tajiri wa mafuta. Mimi nimesoma University of Illinois Chicago. Na kipo kingine, Chicago State University, cha umma, upande wa kusini wa jiji. Vyuo vitatu, ada tatu tofauti, masharti tofauti ya kuingia. Ami akasema, "Ni hayo hayo." Si hayo hayo, ami!

Ndiyo maana nawaambia, ndugu zangu, jina la jiji kwenye barua halikuambii kitu. Northwestern, ambako Eduardo Mondlane wa Msumbiji alichukua udaktari wake kabla ya kwenda Dar es Salaam kuongoza FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kampasi yake kuu haiko hata Chicago, iko Evanston, mji wa jirani. DePaul na Loyola ni vya Kikatoliki, vya binafsi. Roosevelt, Columbia College na Harold Washington viko katikati ya mji kabisa, kwenye majengo kama ya ofisi, treni inapita juu ya barabara nje ya Harold Washington na mwalimu anapandisha sauti. Ukiota geti na bustani kama za Kenyatta University, huko huzioni. Na meya Harold Washington mwenyewe, meya wa kwanza mweusi wa Chicago, alisoma Roosevelt, chuo kilichoanzishwa 1945.

Sasa wewe mwenye kwenda kwa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, nisikilize vizuri maana njia yako si yangu. FAFSA haikuhusu, Pell haikuhusu, MAP haikuhusu. City Colleges watakutoza ada ya mtu wa nje, kubwa mara kadhaa kuliko ya mkazi wa jiji, ingawa kwa kawaida bado iko chini ya vyuo vya binafsi. Kazi unaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, ndani ya chuo, na mwaka wa kwanza huruhusiwi kufanya kazi nje ya kampasi. Hata ulipwe dola 17 kwa saa, hiyo ni 340 kwa wiki kabla ya kodi. Muhula wa wiki 15 umepata 5,100. Linganisha na zile 41,000. Atakayekwambia "ukifika utajipanga" muulize yeye alijipanga kwa karatasi gani.

Kijana wangu nimemwandikia hivi: andika barua pepe kwa ofisi ya ufadhili ya chuo, omba waongeze, na uulize kama skolashipu inadumu miaka yote minne na wastani wako wa alama, GPA, ukishuka chini ya kiwango gani wanaiondoa. Waulize pia ada ilipanda kiasi gani miaka mitatu iliyopita. Nenda kwa EducationUSA Nairobi, ushauri wao ni wa bure, usimlipe wakala. Omba na chuo cha miaka miwili papo hapo, uwe na barua mbili mkononi. Harambee isogezwe. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 na ya viza ni 185, na hazirudi ukinyimwa, kwa hiyo usilipe chochote mpaka ofisi ya ufadhili imejibu kwa maandishi. Nguo za baridi usinunue Kenya, hazitoshi. Duka la mitumba la Uptown utapata koti zito kwa bei ya kuku wawili.