Mnaoandika kuhusu Haworth, vueni viatu kwanza

Wadogo zangu wa afya ya mazingira, nimemaliza kusahihisha kazi zenu kuhusu ile ripoti ya 1850 ya ukaguzi wa usafi wa Haworth, ule mji mdogo wa wachana sufu huko Yorkshire, Uingereza. Nawapenda, lakini makosa ni yale yale ya waliowatangulia, hadi nahisi mnarithishana daftari.

1. Mkaguzi ni Benjamin Herschel Babbage. Charles wa mashine za hesabu ni baba yake. Mwacheni mzee apumzike.

2. Ule wastani wa miaka 25.8 uliomo kwenye ripoti. Hapa nitakawia, maana niliungua. Nilipoanza kufundisha somo hili nilitangaza darasani, kwa sauti ya mhubiri, kwamba Haworth haikuwa na wazee: ukifika miaka 26 uko dakika za nyongeza. Darasa likacheka, nami nikanogewa, nikatia chumvi. Binti mmoja wa kiti cha nyuma akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, yule mchungaji aliyeomba mkaguzi aletwe alikuwa na umri gani?" Nikasema sijui. Kumbe yeye anajua. Patrick Brontë alizaliwa 1777, kwa hiyo Babbage anafika Aprili 1850 mzee ana miaka 73. Alifariki 1861 akiwa na 84, watoto wake wote sita keshawazika. Nikajifanya natafuta chaki, na chaki ninayo mkononi.

Basi sikilizeni. Hiyo 25.8 ni wastani wa umri wa waliokufa. Kati ya 1838 na 1849, zaidi ya asilimia 41 ya waliokufa Haworth hawakufikisha miaka sita. Hao watoto ndio walioivuta namba chini. Aliyevuka utoto aliweza kuzeeka kama mchungaji wake. Tena mji unaozaa watoto wengi utatoa wastani mdogo hata ukiwa msafi kuliko jirani yake. Ndiyo maana Sheria ya Afya ya Umma ya 1848 iliangalia vifo kwa kila watu 1,000: vikizidi 23 kwa mwaka, serikali ya London ingeweza kuingilia bila kuombwa. Mmoja wenu ameandika "vijana wa Haworth walikufa wakiwa na miaka 25". Nimekuonea huruma, lakini alama sikukupa.

3. "Hali ya vyoo ilikuwa duni." Sentensi hiyo naifuta popote ninapoikuta. Babbage alihesabu: vyoo 69 mji mzima, mahali pamoja nyumba 24 zinategemea kimoja. Akaeleza choo ambacho shimo lake lilikuwa na kimlango kinachofunguka barabara kuu. Kinyesi na majivu vikizidi uzito, kimlango kinafumuka na mzigo wote unamwagika njiani. Aliingia hata kwa wachana sufu, akakuta jiko linawaka usiku na mchana mle mle wanamolala.

4. Kwenye maji, uliza saa. Kiangazi kisima kilipungua hadi maskini wakaamka saa nane au saa tisa usiku kupanga foleni. Mkaguzi wa saa nne asubuhi, chai keshakunywa, angekuta ndoo mbili na watu wapole.

5. Tafuteni nani analipa. Sheria ilitaka angalau sehemu moja ya kumi ya walipa kodi watie saini ombi la kuletewa mkaguzi, na ombi la Haworth lilipelekwa Agosti 1849. Mnaandika kana kwamba ripoti ilipotoka mabomba yakatandazwa kesho yake. Wapi! Wenye mali waligoma kuongezewa kodi kwa ajili ya maji, na Brontë akaendelea kuwaandikia London barua za kuwahimiza. Kazi ya marudio ianzie hapo kwenye ubishi wa kodi, kurasa mbili, niipate Ijumaa. Na atakayeniletea tena Charles, nitamtuma akamsahihishe mwenyewe.